Kisanduku Kilichoonekana Kitupu

4 Juni

Mpwa wangu mpendwa,

Natumai hujambo na kazi haijakukondesha. Sisi huku hatujambo, ila si sana, la sivyo tungekosa la kulalamikia. Mkaza mjomba wako goti linamsumbua, ingawa akija mgeni hulisahau mpaka mgeni aondoke. Yule paka uliyemwacha mwembamba siku hizi hapiti kwenye tundu la mlango wa jikoni. Anakaa nje ananitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyelipunguza tundu. Paa tumeliziba. Limevuja tena, mahali pengine, na mkaza mjomba wako anasema hayo ni maendeleo.

Sasa nikueleze shida yangu. Unaukumbuka ubao wangu wa ratiba, ule wa misumari, nyuma ya mlango wa chumba cha walimu? Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuachia unipangie vipande vya kadibodi kwa rangi, na ukinyamaza sana nilijua kimoja umekitia mdomoni. Kila mwalimu ana rangi yake, kila msumari ni kipindi. Miaka yote hiyo sijawahi kuwaweka walimu wawili kwenye darasa moja kwa wakati mmoja, isipokuwa mara moja, na hiyo tulikubaliana isitajwe.

Tumeletewa naibu mkuu mpya. Kijana mzuri, ana adabu, ila kompyuta imemroga. Anasema ratiba ya mwaka ujao anaitaka ndani ya programu ya majedwali, mezani kwake, kabla Novemba haijaisha. Nikishindwa, kazi ya ratiba atapewa mwingine, na mimi nitarudishwa darasani vipindi vyote kama mwalimu mgeni. Unajua mwenye ratiba hupunguziwa vipindi. Bila hiyo nafuu sitaumaliza mwaka, nitastaafu kabla ya wakati. Kwa nini, usiniulize. Nimekula chumvi nyingi, basi.

Wewe mchana kutwa unashinda na hayo majedwali. Nifundishe, lakini kwa barua. Simu yangu inakoroma, na mambo ya namna hii mtu anataka ayasome mara mbili. Faili karani wa shule atakutumia kwa barua pepe, maana mtandao anao yeye. Maneno tuandikiane kwa karatasi, kama watu.

Mjomba wako


18 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe mkaza mjomba shikamoo yake pia, na umwambie goti lililopona mbele ya wageni litapona na mbele ya daktari, aende tu. Paka msimpe chakula mara mbili. Najua mnavyofanya: mmoja anampa asubuhi, na mwingine anajitia hamnazo anampa tena.

Mimi mzima. Kazi yangu bado ni ileile ya kulipwa kuharibu vitu. Kampuni inatengeneza programu ya majedwali, na kabla haijatoka wanatupa sisi wapimaji tuivunje. Naandika maneno mahali pa namba, nafuta kisichofutika, najifanya mtu asiyesoma maelekezo. Bosi wangu anasema nina kipaji cha kuzaliwa. Nimemwambia nimelelewa na mwalimu wa hesabu.

Usiiogope hii kitu, mjomba, maana kwa kweli ilizaliwa ubaoni. Zamani wahasibu walikuwa na makaratasi mapana yaliyopigwa mistari, na ukirekebisha namba moja lazima urekebishe zote zinazoitegemea. Mwanafunzi mmoja alikuwa darasani, mwalimu wake amejaza ubao kwa jedwali kubwa, akagundua kosa, akaanza kufuta na kuandika upya, kufuta na kuandika upya. Yule mwanafunzi akawaza: ingekuwaje kama ubao wenyewe ungejirekebisha? Yeye na mwenzake wakaitengeneza, kwenye kompyuta ndogo yenye kioo cha herufi tupu. Leo jedwali moja linabeba mistari zaidi ya milioni, linachora picha, na watu wanaliandika pamoja kutoka miji tofauti, lakini wazo ni lilelile la chaki na kifutio.

Basi tuanze. Kila mwalimu mpe mstari wake, unaolala. Kila kipindi cha wiki kipe safu yake, inayoshuka. Mstari na safu vinapokutana kuna kisanduku, huo ndio msumari wako. Humo andika darasa analofundisha. Mwisho wa kila mstari nimekuwekea fomula inayohesabu visanduku vilivyojazwa, ili ujue nani amelemewa na nani anapiga soga. Ukikosea, kuna kitufe cha kurudi nyuma. Kitumie bila aibu.

Mengine mawili. Nimekupigia simu Jumapili, mkaza mjomba akasema umetoka, na nyuma yake nikasikia kikohozi chako. Sijakasirika. Nataka tu ujue kwamba nakijua kikohozi chako.

La pili ni hili. Juzi mfanyakazi mwenzangu alikuwa anasikiliza ujumbe wa sauti wa mama yake, anacheka peke yake. Nilikwenda nyumbani nikajaribu kuikumbuka sauti ya mama. Uso ninao, picha zipo. Sauti sina, nilikuwa mdogo mno. Mjomba, wewe umekua naye. Mama alikuwa na sauti gani?

Mpwa wako


9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kile ni cha jirani.

Hapa wote wazima. Mkaza mjomba wako amekusoma kuhusu daktari, akaikunja barua taratibu, akaniambia mpwa wako anapenda kuamuru watu tangu akiwa chekechea. Paka amenyimwa chakula cha pili, kwa hiyo sasa anakula kwa jirani.

Nimeipenda hii mashine, sikufichi. Nilivuta ile pembe ndogo ya kisanduku chenye neno "Jumatatu", na Jumanne, Jumatano, Alhamisi zikajiandika zenyewe mpaka chini. Nilimwita mwalimu wa michezo aje aone. Alitazama, akauliza kama inaweza kuvuta na mishahara. Tangu siku hiyo amekuwa mpambe wangu, kila mapumziko anavuta kiti, anakunywa chai yangu na kunitolea makosa.

Nimeweka walimu wote. Rangi zangu nimezihamisha zilezile za ubaoni, usijali. Njano ni mwalimu asiyeweza kipindi cha kwanza kwa sababu anapeleka watoto. Bluu ni wale wawili wasiopatana, wasipangwe vyumba vya jirani. Kijani ni maabara. Ukilitazama utadhani ni kitenge, lakini kila rangi ina sababu yake.

Sasa shida. Mashine yako inamsingizia mwalimu wa michezo. Nilimpunguzia vipindi, nikafuta kimoja kimoja kwa mkono wangu, visanduku vikawa vyeupe, hakuna kitu. Mwisho wa mstari namba haikushuka hata moja. Inasema amelemewa kuliko shule nzima, na mtu mwenyewe yuko pembeni yangu anapiga miayo. Anasema tuiache ilivyo, tumpelekee naibu mkuu. Nimekataa, ila kwa shingo upande.

Na rangi nazo hazifanyi kazi. Nimempanga mtu wa njano kipindi cha kwanza makusudi, nione kama itakataa. Ikanyamaza.

Hilo la mama yako tutazungumza.

Mjomba


25 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku salama. Nimehamia chumba kipya, kina dirisha linaloangalia ukuta, lakini ukuta umepakwa rangi nzuri. Nimekula vizuri, nimelala vizuri, usianze.

Faili lilinifikia wiki mbili kabla ya barua, kwa hiyo nilikaa na kitenge chako bila maelezo, nikijiuliza umepatwa na nini. Barua ilipofika nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mwalimu wa michezo, sikiliza kesi yako. Mjomba alikuwa anafuta kwa kubonyeza kile kitufe kirefu cha chini, kile cha kutenganisha maneno. Nimejua kwa sababu nimeingia kwenye visanduku vyako kimoja kimoja. Vinaonekana vitupu, ila ndani ya kila kimoja kuna nafasi, ile alama isiyoonekana. Kwa macho yako hakuna kitu. Kwa mashine kimejazwa, na inakihesabu. Hakuna aliyesingiziwa. Ingia kwenye kisanduku, tumia kitufe cha kufuta chenyewe, namba zitashuka. Huku kazini tuna wasomi wanaofanya hivyohivyo, na hata wao huilaumu mashine.

Rangi ni habari nyingine, na hapo mashine ndiyo yenye upungufu. Haisomi rangi. Wewe ukitia njano unamaanisha mama fulani ana watoto wa kupeleka shule. Kwake ni rangi ya ukuta tu. Kila unachotaka ikijue lazima ukiandike kwa maneno au namba mahali inapoweza kusoma. Kwa hiyo nimekuongezea safu, "hawezi kipindi cha kwanza: ndiyo au hapana". Na nimeweka kanuni: darasa likipangiwa walimu wawili kipindi kimoja, visanduku vyote viwili vinageuka vyekundu vyenyewe. Hiyo rangi inaielewa kwa sababu imeitia yenyewe. Wale wawili wasiopatana nimeshindwa kuwawekea fomula. Hao endelea kuwabeba kichwani.

Kuhusu mama, "tutazungumza" lini? Kwa simu hutaki, na kwa barua umenipiga chenga. Nakuuliza tena bila ugomvi, kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako


20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, na unisamehe kuchelewa. Shule ilikuwa na mitihani, na mkaza mjomba wako aliteleza bafuni. Hakuumia, alitukana tu. Chumba chako nimekifikiria. Dirisha la kuangalia ukuta si dirisha, tafuta kingine.

Nimefuta kama ulivyosema na namba zikashuka. Mwalimu wa michezo amehuzunika. Ile kanuni ya wekundu nimeipenda kuliko yote, nilikamata migongano ambayo kwenye misumari ningeiona Januari, wazazi wakiwa mlangoni.

Halafu nikajitia ujuzi nikaandika fomula yangu. Nilisema hivi: mwalimu wa kemia awe maabara ikiwa maabara iko wazi. Na mahali pengine nikasema maabara iko wazi ikiwa mwalimu wa kemia hayumo. Mashine ikanitolea onyo kwamba nimezunguka, kila kimoja kinangoja kingine. Nilimweleza mkaza mjomba wako wakati wa chakula. Akasema hiyo ndiyo nyumba yetu. Yeye ameapa ataenda kliniki kwa ajili ya goti siku nitakayoenda mimi, na mimi nimesema nitaenda siku atakayoenda yeye. Mwaka umepita. Tulicheka sana, halafu hatukucheka.

Naomba kitu kimoja. Naibu mkuu ametugawia kompyuta ndogo za kubeba, naweza kwenda nayo darasani nikaiweka mezani. Unaweza kuniwekea kisanduku kikubwa kitakachogeuka chekundu kipindi kikiisha? Saa si ipo ndani yake. Kengele yetu siku hizi imechoka, wakati mwingine inanipita nikiwa ninaandika ubaoni, na wanafunzi wanabaki wananitazama. Ni jambo dogo, ila lingenisaidia sana.

Mjomba


5 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimetafuta chumba kingine, kina dirisha la barabarani, nitahamia mwisho wa mwezi, umeshinda.

Nikujibu kwanza kama fundi. Ule mzunguko hauvunjwi kwa fomula nyingine. Mtu mmoja lazima aingie kwenye kisanduku kimoja, afute lile sharti, aandike jibu kavu: yuko. Basi. Kilichobaki kitajipanga.

Kisanduku cha kengele nimekijaribu siku nzima, hakifai. Jedwali linajua saa, lakini halitazami saa. Linahesabu upya pale tu unapoligusa, ukiandika kitu au ukilifungua. Ukiliacha mezani ukaandika ubaoni, litabaki na saa ileile uliyoliacha nayo, na litakudanganya kwa utulivu kabisa. Kuna njia za kulilazimisha, lakini ni za kuungaunga, nisingependa uzitegemee mbele ya watoto.

Sasa nikujibu kama mpwa wako. Nilimpigia mkaza mjomba nikamuuliza kuhusu kengele ya shule. Akasema inasikika mpaka madukani, watu wanaitumia kupika.

Nikaanza kukumbuka. Nilipokuja likizo ya mwisho ulikuwa unanitazama mdomoni nikisema, nikadhani una mapenzi tu. Redio ilikuwa juu mpaka paka akahama chumba. Na simu inayokoroma miaka miwili bila kupelekwa kwa fundi, kwa mtu anayeziba paa mwenyewe.

Mjomba, husikii?

Sikuulizi ili nikuaibishe. Naogopa. Nakuona umesimama mbele ya darasa unakufa na tai shingoni, na mimi huku nakutengenezea rangi nyekundu. Na naogopa kwa ajili yangu pia, kwamba siku moja nitakupigia na hakutakuwa na mtu wa kunisikia anayenijua tangu utotoni. Nenda kliniki. Usimngoje mkaza mjomba, naye asikungoje wewe.

Mpwa wako


10 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua. Wiki iliyopita karani alinitumia faili bila neno hata moja. Nimelifungua, nimeona vidato vya juu umevimaliza, na nimeona umefuta ile njano yote ukaandika "ndiyo" moja moja. Kwa hiyo najua uko hai, na najua umekasirika, maana ukikasirika unafanya kazi vizuri.

Niliyoandika siyafuti. Lakini kama niliyasema vibaya, yachukue kama yaliyosemwa na yule mtoto aliyekula kadibodi yako.

Chumba kipya kina mwanga mzuri. Nimekuwekea kiti.

Mpwa wako


30 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Sikukasirika. Nilikasirika siku mbili, halafu nikakosa wa kumkasirikia.

Ni kweli. Sikio la kushoto lilitangulia, la kulia likafuata polepole, kama mtu anayesitasita mlangoni. Wanaume nawasikia kidogo, wanawake na watoto nawaona midomo tu. Mwaka jana binti mmoja wa mbele aliniuliza kuhusu pembetatu, mimi nikamjibu kuhusu mtihani wa Ijumaa. Darasa likacheka. Yule binti hakucheka. Alisimama, akaja ubaoni, akaniandikia swali lake kwa chaki, akarudi kuketi bila kusema kitu. Nilimjibu vizuri. Halafu nikaenda chumba cha walimu, nikakaa pale chini ya misumari mpaka kipindi kilichofuata, na ndipo nilipoanza kuing'ang'ania ratiba. Kwenye ratiba hakuna anayeniuliza kitu kwa mdomo. Ulisema kuhusu kisanduku kinachoonekana kitupu. Nilipoisoma ile barua nilitaka kuichana, nikidhani umeshajua.

Nimevunja mzunguko. Nilimwambia mkaza mjomba wako asubuhi, kabla ya chai: leo naenda. Alinitazama, akachukua mkoba wake, tukaenda wote. Goti lake linataka mazoezi. Masikio yangu yanataka kifaa, kinaagizwa, kitafika mwisho wa Novemba.

Na nimekwenda kwa naibu mkuu mwenyewe. Ilinichukua kuzunguka ofisi yake mara nyingi kuliko nitakavyokuambia. Nilipomweleza alianza kusema nami taratibu, herufi kwa herufi, kama mtu anayemwelekeza mtoto dukani. Nikamwambia, kijana, kilichochoka ni sikio, kichwa bado. Akacheka, akaomba radhi. Lakini hakuniahidi kitu. Amesema nilete ratiba kwanza, aione, ndipo aamue vipindi vyangu na kama mwaka ujao nipo. Kwa hiyo bado roho iko juu juu.

Sasa lile la mama yako. Hukunielewa niliponyamaza, na sikulaumu. Uliponiuliza, niliweka barua chini nikafumba macho nimsikie dada yangu. Nakumbuka alivyotembea, alivyokuwa akinivuta sikio, hili hili la kushoto. Sauti haikuja. Nilijaribu siku nyingi. Nilidhani ugonjwa wa masikio umeingia mpaka kwenye kumbukumbu, umeichukua na hiyo. Niliona haya kukuambia kwamba hata mimi sina. Nisamehe, binti yangu.

Mjomba


14 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia, nimeosha uso, nimefungua faili lako.

Nimelivunja kwa kila njia ninayolipwa kulivunja. Nimeandika majina vibaya, nimehamisha siku, nimempa mwalimu wa michezo shule nzima. Kila kosa limegeuka jekundu. Halina kasoro isipokuwa moja: umesahau kuweka mtu. Kuna mwalimu wa hesabu hayumo kabisa. Mistari yote ipo, wake haupo. Usimngoje naibu mkuu akuandike. Jiandike, vipindi unavyoviweza, chumba unachokiweza, halafu umpelekee.

Na jambo ambalo mashine haiwezi, ulifanye wewe. Inaweza kuniambia kwamba kidato cha kwanza kiko wazi kipindi cha mwisho Ijumaa. Haiwezi kuniambia ni mwalimu gani ana moyo wa kukaa na watoto wadogo saa ile. Hapo sijagusa, nimekuachia.

Kuhusu mama, usiombe radhi. Tumekuwa wawili wa kukosa, na hiyo ni afadhali kuliko kukosa peke yangu.

Kifaa kikifika, kivae. Jumapili ya kwanza ya Desemba, saa kumi jioni, nitapiga simu. Kikohozi kisiwe cha jirani.

Mpwa wako


8 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena kwa ile ya Jumapili, maana siku ile sikukuitikia.

Nianze na la kazi ili nisichanganye. Ratiba imepokelewa. Naibu mkuu aliipekua nusu siku akitafuta wekundu, hakuupata. Mstari wangu niliuweka wa mwisho: vipindi vichache, kidato cha nne, chumba kidogo cha maktaba ambako wanakaa karibu na hakuna mwangwi. Aliutazama mstari ule kuliko mingine yote. Halafu akachukua kalamu akatia saini, akaniuliza kama naweza kumfundisha ile kanuni ya wekundu. Kidato cha kwanza, Ijumaa kipindi cha mwisho, nimempa mwalimu wa michezo. Amenuna siku moja, ila nilimwona akitafuta mpira mdogo. Mkaza mjomba wako anafanya mazoezi ya goti huku akinihesabia kwa sauti, na sasa namsikia, nikagundua kwamba huwa anaruka namba.

Kifaa hiki kina kelele. Nasikia viatu vyangu. Nasikia paka akitafuna. Siku ya kwanza nilikivua, nikaona afadhali ukiziwi. Siku ya pili nikakivaa nikakizoea kidogo, na Jumapili saa kumi nilikuwa nimekaa na simu mkononi.

Najua ulidhani laini imekatika. Ulisema, "Shikamoo mjomba, unanisikia?" nami nikanyamaza. Ukarudia, "Mjomba? Mjomba, upo?" na nikampa mkaza mjomba wako simu, nikatoka nje. Alikuambia nitakuandikia. Laini haikukatika. Nilikusikia kila neno.

Ulipoondoka kwenda kusoma ulikuwa na kisauti chembamba cha kitoto, na hicho ndicho nilichobaki nacho. Kila ulipozungumza tangu hapo mimi nilitazama midomo nikakuwekea kisauti kile. Sikujua kwamba umekua ukapata nyingine. Ni ya chini kidogo, inakwaruza mwishoni, na ukiita mtu unavuta herufi ya mwisho kana kwamba hutaki kumwachia. "Mjombaa." Dada aliniita hivyohivyo kwa jina langu, kutoka mlango wa jikoni, jioni zote za utoto wangu. Nilikuwa nimemsikia.

Uliniuliza mwezi wa sita mama yako alikuwa na sauti gani. Sasa naweza kukujibu. Ukitaka kuisikia, sema kitu.

Nipigie tena Jumapili. Safari hii nitaitikia, ila uniache kidogo kwanza, nisikilize.

Mjomba wako